Maji Hufuata Mkondo

Somo la 8

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mat. 21:28–32, Efe. 2:8–10, Yer. 31:31–34, Yn. 14:15–24; Ezek. 47:1–12; Mk. 5:1–20, Danieli 1, Yak. 2:14–17, 1 Pet. 3:15, 16.

Fungu la kukariri: Yakobo 1:22. Fungua Biblia yako, lisome fungu hili kwa sauti mara tatu, kisha lieleze kwa maneno yako mwenyewe. Yakobo anawaonya watu wanaolisikia Neno bila kulitenda. Anasema kwamba mtu wa namna hiyo anajidanganya mwenyewe.

Kusini mwa mji wa Morogoro imesimama Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinavuka mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mvua inayonyesha huko juu haibaki huko. Mto Morogoro unashuka na kupita mjini. Vijito vya upande wa mashariki vinaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowapa maji watu wengi wa Dar es Salaam, takribani kilomita 200 kutoka mlimani. Mama anayefungua bomba kule Dar es Salaam hamjui mkulima wa Uluguru, na mkulima hamjui yule mama. Lakini mkulima akikata miti na kulima mpaka ukingoni mwa kijito, tope litashuka. Akiitunza ardhi yake, maji yatashuka yakiwa safi.

Ndivyo ulivyo utii wa Mkristo. Hauishii kwake. Anachokifanya nyumbani, kazini na mbele za Mungu kinashuka mpaka kwa jirani, na jirani anakinywa kabla hajasikia hubiri lolote. Katika kata kama Mwembesongo, ambako Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, hakuna anayehitaji kuuliza sana ili ajue nani analipa madeni yake na nani anapiga kelele usiku. Somo la juma hili linachunguza uhusiano uliopo kati ya mambo mawili ambayo mara nyingi hutenganishwa: kumtii Mungu na kuwashirikisha wengine imani.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Wana Wawili na Shamba Moja

Soma Mathayo 21:28–32. Baba alipowaendea wanawe wawili, kila mmoja alijibu nini, na kila mmoja alifanya nini? Kwa nini Yesu aliwaambia mfano huu makuhani na wazee, na si wavuvi wa Galilaya?

____________________________________________

Mwana wa pili alijibu vizuri. Alimwita baba yake kwa heshima, akakubali mara moja, na yeyote aliyekuwa karibu angemsifu kwa malezi mema. Tatizo lake ni kwamba shamba halikumwona. Kila mtu anamjua fundi wa namna hiyo: ukimpelekea kitambaa Jumatatu anakwambia Ijumaa nguo iko tayari, na anasema kwa tabasamu. Ijumaa inafika, kitambaa bado kimekunjwa palepale. Fundi huyo hakukutukana. Amekupa neno tu badala ya kazi.

Mwana wa kwanza alikosa adabu. Jibu lake lilimuumiza baba. Lakini alijuta, akaenda. Yesu hamsifu kwa jibu lake la kwanza, bali anaonyesha kwamba mlango wa toba ulikuwa bado wazi kwake, na kwamba mapenzi ya baba yalitimizwa shambani, si katika mazungumzo ya asubuhi.

Mfano huu ni hatari kwa watu wa kanisani kuliko kwa watu wa nje. Mtu anaweza kuyajibu maswali yote ya lesoni, akakariri mafungu ya robo nzima, akasema "Amina" kwa sauti kuliko wote, na bado akawa mwana wa pili. Kujua mapenzi ya Baba si sawa na kuingia shambani.

Hata hivyo, jambo moja lisisahaulike. Soma Waefeso 2:8–10. Paulo anaweka kazi njema mahali gani, kabla ya wokovu au baada yake?

____________________________________________

Wana wote wawili walikuwa tayari wana. Baba hakuwaambia waende shambani ili awafanye wanawe. Aliwatuma kwa sababu ni wanawe. Mwamini hatii ili apendwe na Mungu. Anatii kwa kuwa amekwisha kupendwa, ameokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na sasa anaingia katika kazi ambazo Mungu alizitayarisha tangu awali. Anayeligeuza jambo hili atachoka upesi, na wanaomtazama watachoka pamoja naye.

Ni jambo gani ambalo ulimwambia Bwana "ndiyo, naenda," lakini mpaka leo hujaingia shambani? Litaje kwa jina katika maombi yako ya leo.

JUMATATU

Matuta ya Lazima na Matuta ya Hiari

Historia ya Uluguru ina funzo kubwa kuhusu utii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona kwamba udongo wa milima unamomonyoka na kuchafua mito. Ikaanzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba ya miteremkoni. Lengo la kuhifadhi udongo halikuwa baya. Lakini watu walichimba kwa kuamriwa, na aliyekataa aliadhibiwa. Mara nyingi uchimbaji ulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo usiozaa, hivyo watu wakavuna kidogo kuliko zamani. Wengine waliogopa kwamba ardhi ya ukoo ingechukuliwa. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka huko Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Watu wakarudi katika kilimo chao cha zamani.

Miaka 50 hivi baadaye, katika eneo la Kibungo Juu kwenye milima hiyohiyo, wakulima walialikwa tena kuchimba matuta. Safari hii hapakuwa na amri. Waliotaka walijiunga, wakafundishwa, wakatia samadi, wakapanda miti na majani ya kushika udongo, na watumiaji wa maji wa bondeni wakachangia malipo kwa ajili ya kazi yao. Idadi ya waliojiunga ikaongezeka. Mjukuu wa mtu aliyetupa jembe kwa hasira angeweza sasa kulishika jembe kwa hiari, juu ya mteremko uleule.

Soma Yeremia 31:31–34 na Yohana 14:15–24. Mungu anaahidi kuiandika sheria yake mahali gani? Yesu anaunganisha utii na kitu gani?

____________________________________________

Angalia kwamba katika agano jipya sheria haifutwi. Kinachobadilika ni mahali inapoandikwa. Sheria ileile iliyokuwa kwenye mawe inahamia moyoni. Ikiwa juu ya mawe tu, mtu huitii akiwa anatazamwa na huiacha mzee wa kanisa akigeuka. Ikiwa moyoni, mtu huitunza hata akiwa peke yake safarini. Ndiyo maana hata Amri Kumi hazianzi na amri. Soma Kutoka 20:2. Mungu anaanza kwa kuwakumbusha Israeli kwamba yeye ndiye aliyewatoa utumwani. Ukombozi unatangulia, agizo linafuata.

Hapa wazazi na viongozi wanapaswa kujipima. Kijana anayetunza Sabato kwa kuogopa fimbo ya baba yake anachimba matuta ya mwaka 1955. Siku akienda chuoni au kupanga chumba chake mjini, ataacha jembe. Si kwamba sheria ni mbaya. Ni kwamba hakuonyeshwa upendo uliomo ndani yake. Lakini kosa la upande wa pili nalo lipo: kuogopa kulazimisha hata mtu akaacha kufundisha kabisa. Mteremko usio na matuta nao unapoteza udongo. Kinachotakiwa ni mzazi ambaye mwanawe anaona kwamba Sabato ni furaha yake, na ambaye anaweza kueleza sababu.

Je, watu wa nyumbani mwako wanauona utii wako kama mzigo au kama furaha? Ungejuaje jibu la kweli?

JUMANNE

Mto Unaoongezeka

Soma Ezekieli 47:1–12. Maji yanaanzia wapi, na kina chake kinabadilikaje kadiri yanavyokwenda mbali? Yanapofika mahali palipokufa, nini kinatokea?

____________________________________________

Mito ya kawaida huongezeka kwa sababu vijito vingine vinaingia ndani yake. Mto alioonyeshwa Ezekieli haukupokea kijito chochote, lakini ulitoka kwenye vifundo vya miguu ukafika magotini, kisha kiunoni, kisha ukawa hauvukiki kwa miguu. Chanzo chake kilikuwa hekaluni. Imani inayoshirikishwa iko hivyo. Haipungui kwa kugawiwa.

Soma Marko 5:1–20. Mtu aliyeponywa aliomba nini, na Yesu alimjibu nini? Kwa nini ombi lililoonekana jema namna hiyo lilikataliwa?

____________________________________________

Mtu huyu hakuwa amesoma darasa lolote. Hakujua mafungu mengi. Alitaka kupanda chomboni pamoja na Yesu, mbali na makaburi na mbali na watu waliomfunga minyororo. Yesu akamrudisha kwa watu wa nyumbani kwake. Ushahidi wake ulikuwa mambo mawili tu: Bwana amenitendea nini, na amenihurumiaje. Na ombi lake lilipokataliwa, alitii. Kutii kwake na kushuhudia kwake vilikuwa tendo moja. Angeng'ang'ania chomboni, Dekapoli isingesikia.

Kanisa la Waadventista Wasabato katika nchi hii lilianza kama kijito chembamba. Mwaka 1903 wamishenari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare na kuanzisha kituo huko Giti, Mamba. Baadaye Ernst Kotz alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, akaandika kitabu cha sarufi yake kilichochapwa mwaka 1909, na akafanya kazi ya kuitafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Kisha vikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wamishenari wa Kijerumani waliondolewa katika vituo vyao. Kwa hesabu ya kibinadamu kazi ingekauka. Haikukauka. Wapare wenyewe waliendelea kukutana, kutunza Sabato na kufundishana. Neno lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwa mgeni na kuingia katika lugha ya nyumbani, na aliyelishika hakumngoja tena mzungu amwambie la kufanya.

Leo vitabu na masomo ya Biblia huchapwa Morogoro kwenye nyumba ya uchapishaji ya kanisa na kupelekwa sehemu nyingi za nchi. Lakini karatasi haitembei yenyewe. Bado inahitaji mtu wa nyumba ya pili, anayejulikana kwa jina, aibebe na kuilinganisha na maisha yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ungeambiwa ueleze kwa dakika mbili tu yale Bwana aliyokutendea, bila kutumia maneno ya kanisani ambayo jirani hayaelewi, ungesema nini? Jaribu kuyaandika.

JUMATANO

Utii Unapokuwa na Gharama

Soma Danieli 1. Danieli na wenzake walikubali mambo gani ya Babeli, na walikataa lipi? Danieli alilisemaje ombi lake mbele ya wakubwa wake?

____________________________________________

Vijana hawa walikubali shule ya Babeli, lugha ya Babeli, hata majina ya Babeli. Hawakugombana kwa kila jambo. Lakini walipofika mahali ambapo kukubali kungekuwa kumkana Mungu wao, walisimama. Na waliposimama hawakutukana wala kugoma. Danieli aliomba ruhusa kwa upole, akapendekeza majaribio ya siku kumi, akamwachia msimamizi aamue kwa macho yake mwenyewe. Alijali pia hofu ya mkuu wa matowashi, ambaye kichwa chake kilikuwa hatarini.

Hebu mfikirie mama mmoja wa Mwembesongo. Analea watoto watatu peke yake. Viwanda vya kusindika tumbaku vya Morogoro huajiri vibarua wengi wa msimu, naye kwa misimu kadhaa amepata kazi huko. Ujira wa miezi hiyo ndio unaolipa pango na sare za shule. Mwaka huu amebatizwa. Sasa ana maswali mawili, si moja. La kwanza ni zamu ya Sabato. La pili ni lile analojifunza kanisani kuhusu mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu: je, mikono yake iendelee kuyachambua majani ambayo anawaambia wanawe wasiyaguse?

Anaamua kutorudi. Jirani yake Mwislamu, aliyezoea kuondoka naye alfajiri, anamuuliza mlangoni: "Shoga, wiki ya tatu hii huendi kazini. Kulikoni?" Anamweleza. Jirani anatikisa kichwa. "Haya bwana. Sasa watoto watakula hiyo imani?"

Swali hilo si la dharau. Ni swali la haki, na litajibiwa bila maneno. Jirani atatazama. Atatazama kama mama huyu anakuwa mkali na mwenye malalamiko, au kama ana amani. Lakini atatazama pia jambo la pili, ambalo kanisa husahau mara nyingi: atatazama kama wale waliombatiza wanajua njia ya kwenda nyumbani kwake.

Soma Yakobo 2:14–17. Yakobo anatumia mfano gani kueleza imani iliyokufa? Katika mfano huo, nani hasa ndiye asiye na imani iliyo hai?

____________________________________________

Mtu anayekosolewa na Yakobo si yule mwenye njaa. Ni ndugu anayemwombea heri na kumwacha aende zake. Darasa la Shule ya Sabato linalomsifu dada kwa msimamo wake, likamwambia amtegemee Bwana, kisha likaenda nyumbani kula, limekuwa mfano wa Yakobo uliotembea. Utii wa mmoja unapokuwa na gharama, gharama hiyo ni ya mwili wote. Debe la unga, mtaji wa kuanzia genge la mboga, ndugu anayejua mahali penye kazi na kumpeleka huko, mtu wa kubaki na mtoto mdogo: mambo hayo ni sehemu ya kuitunza amri, sawa na kuacha zamu ya Sabato.

Mfano huu hauna mwisho ulioandikwa hapa, kwa sababu mwisho wake huandikwa na darasa.

Je, kuna mtu katika kanisa lako aliyepoteza kitu kwa ajili ya utii? Anaishije leo? Nani alimtembelea mwezi huu?

ALHAMISI

Mlangoni kwa Jirani

Soma 1 Petro 3:15, 16. Ni nani anayeanzisha mazungumzo katika fungu hili, mwamini au mwingine? Petro anataka jibu litolewe kwa roho gani?

____________________________________________

Petro anachukulia kwamba mwamini ataulizwa. Maisha yake yana tumaini linaloonekana, kiasi kwamba mtu anataka kujua linatoka wapi. Mara nyingi mambo hugeuzwa: majibu hutolewa kwa kipaza sauti mahali ambapo hakuna aliyeuliza, na anayeuliza mlangoni hakuti mtu nyumbani.

Katika mitaa ya Morogoro, Mwadventista ana jirani Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri, na yule asiyeswali popote. Yako mambo mengi ya kuanzia. Mwadventista hanywi pombe, na jirani yake Mwislamu analiheshimu hilo. Hali nguruwe, na kwa sababu hiyo chakula chake kinaweza kupokewa bila wasiwasi. Anamngojea Yesu arudi, na Mwislamu naye amefundishwa kwamba Isa mwana wa Mariamu atarudi. Haya si mitego ya kumnasa mtu katika mabishano. Ni mikeka ya kuketia.

Yako pia mambo yanayoziba mkondo. Mwamini anayekataa kwenda msibani kwa kuwa marehemu hakuwa wa dini yake, akakosa hata kushika jembe kaburini, asitegemee kusikilizwa akileta kijitabu. Anayepaza muziki wa kwaya usiku wakati mtoto wa jirani ni mgonjwa ameshahubiri, na hubiri lake limesikika. Anayedaiwa dukani na kupitia njia ya nyuma siku ya Sabato, akiwa na Biblia kwapani, amemfundisha mwenye duka jambo fulani kuhusu Sabato.

Soma Isaya 58:6–14. Sura hii inaanza na funga na kumalizika na Sabato. Katikati kuna nini? Kwa nini Isaya ameyaweka mambo hayo pamoja?

____________________________________________

Kati ya funga na Sabato kuna mtu aliyefungwa nira, mwenye njaa, maskini asiye na pa kulala, na asiye na nguo. Nabii hakuona kwamba amebadili mada. Kumwita Sabato siku ya furaha na kumgawia mwenye njaa chakula kunatoka katika chemchemi moja. Na ahadi inayofuata ni ya maji: Isaya anamfananisha mtu wa namna hiyo na bustani iliyonyeshewa na chemchemi isiyokauka.

Kusema nako kuna wakati wake. Maisha mema yasiyofafanuliwa yanaweza kumfanya jirani amsifu mwamini badala ya kumtukuza Mungu. Ndiyo maana Petro anataka mtu awe tayari kujibu. Jirani akiuliza, ajibiwe kwa jina la Yesu, kwa ufupi, kwa upole na kwa heshima. Kisha aachiwe nafasi. Baba wa wana wawili aliwaomba waende shambani, hakuwafunga kamba.

Taja jirani mmoja kwa jina katika maombi yako juma hili. Je, unajua jambo linalomlaza macho usiku? Kama hujui, utalijuaje?

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma Ufunuo 14:6–12. Malaika wa kwanza anatangaza injili ya milele kwa kila taifa, kabila, lugha na jamaa. Ujumbe wa malaika watatu unapomalizika, Yohana anawaonyesha watu wanaozishika amri za Mungu na imani ya Yesu. Tangazo linaloanza kwa sauti kuu angani linaishia katika maisha ya watu duniani. Kama hakuna watu wa namna hiyo, mtaani watu watasikia sauti lakini hawatauona mfano wake. Soma pia, katika kitabu cha Ellen G. White, *Tumaini la Vizazi Vyote*, sura inayoeleza jinsi Yesu alivyowaponya wenye pepo ng'ambo ya ziwa. Angalia jinsi watu waliomwomba Yesu aondoke walivyoachiwa shahidi aliyekuwa mtu wa kwao.

Mkulima wa mlimani hawezi kuyaamuru maji. Hawezi kuyafanya yanyeshe, wala hawezi kwenda Dar es Salaam kumlazimisha mtu ayanywe. Kazi yake ni kulitunza shamba alilopewa, karibu na kijito alichopewa. Mvua ni ya Mungu, na kiu ya watu wa bondeni anaijua Mungu. Vivyo hivyo mwamini hawezi kumwongoa jirani yake. Kazi hiyo ni ya Roho Mtakatifu. Lakini anaweza kuchafua maji kabla hayajafika, na anaweza, kwa neema, kuyaacha yapite yakiwa safi.

Maswali ya kujadili:

1. Rudini kwenye habari ya matuta ya Uluguru. Ni mambo gani katika kanisa lenu yanayofanywa kwa lazima tu, na watu wangeyaacha kama hakungekuwa na anayewatazama? Je, dawa ni kuyaacha, au kuyafundisha upya? Toeni mfano mmoja.

2. Jadilini kisa cha mama wa Mwembesongo. Mshiriki mmoja anasema asingeacha kazi kabla ya kupata nyingine. Angeomba tu abadilishiwe zamu ya Sabato. Mwingine anasema kazi yenyewe haifai, hata kama Sabato ingeachwa. Wa tatu anasema kila mtu afuate dhamiri yake. Mnawajibuje? Danieli 1 inawasaidia kwa namna gani? Baada ya mjadala, ulizeni swali gumu zaidi: darasa lenu lingefanya nini kwa ajili yake kufikia Jumatano ijayo?

3. Mtu aliyeponywa katika Marko 5 alirudishwa nyumbani, lakini wengine waliitwa waache nyumba zao. Mwamini atajuaje kama wito wake ni wa kukaa au wa kwenda? Kwa nini kushuhudia nyumbani mara nyingi ni kugumu kuliko kushuhudia ugenini?

4. Baadhi ya washiriki hushuhudia sana kwa maneno lakini maisha yao yana walakini. Wengine wana maisha mazuri lakini hawajawahi kumtajia mtu jina la Yesu. Kila kundi linahitaji kusikia nini, na ni nani awaambie?

Kazi ya darasa: Kabla ya Sabato ijayo, kila mshiriki atembelee nyumba moja ya jirani asiye wa kanisa, mikono ikiwa na kitu: mboga, unga, au nafasi ya kusikiliza tu. Asipeleke kijitabu safari hii, isipokuwa akiombwa. Sabato, mwanzoni mwa kipindi cha lesoni, mwalimu atenge dakika kumi. Kila mmoja aeleze si alichosema kwa jirani, bali alichosikia kutoka kwake. Kisha darasa liombe kwa ajili ya nyumba hizo, moja baada ya nyingine.